Kizingiti cha Mama Shawqi

14 Novemba
Abla Rawya, mwalimu wetu wa darasa la akina mama, kasema aliyemaliza kitabu cha pili hana kisingizio tena. "Andikeni kila siku, hata mstari mmoja. Mkono usiotumika huota kutu." Haya, naandika. Mimi ni Inshirah, mke wa Metwalli fundi plasta, mama wa Nesma aliye darasa la pili. Napiga pasi kwa dobi karibu na stesheni. Nyumba yetu iko Uchochoro wa Sidra, ule unaoteremkia Ziwa Maryut. Leo hakuna jipya.

15 Novemba
Leo pia hakuna jipya. Mawingu tu.

16 Novemba
Ufagio imefika. Sisi watu wa Iskanderia tufani zetu tunazipa majina kama watoto, na ya kwanza ya msimu tunaiita Ufagio, ati kwa sababu inafagia mbingu. Labda mbingu za wengine. Kwetu haifagii, inaleta.

Ilianza alfajiri, na kufika adhuhuri makaro ya vyoo yalikuwa yamejaa, na vilivyokuwa ndani ya makaro vikatoka kutembea. Uchochoro wetu umelalia mteremko. Juu kabisa ni barabara ya lami, halafu nyumba ya Mama Shawqi, halafu yetu, halafu nyumba za chini, na ya mwisho, penye matete ya ziwa, ni ya Bibi Adla, mjane wa Kikopti anayeishi peke yake. Zamani maji taka yalimwingia kila mtu kidogo kidogo. Kiangazi hiki Mama Shawqi kainua kizingiti chake mara ya tatu. Kamwaga kifusi na saruji mlangoni mpaka pamekuwa kama mimbari, na sasa maji yakifika kwake yanageuka yanakuja kwangu.

Nilitoka na ndoo nikamkuta amesimama juu ya mimbari yake, miguu mikavu, anakunywa chai.

"Mama Shawqi, huoni haya? Maji yako hayo!"

"Yangu? Yana jina langu? Yasome basi, si wewe umesoma siku hizi."

"Aliye juu mngoje chini."

"Ningoje, mwanangu. Lete na kiti, usije ukachoka."

Nilikumba maji mpaka alasiri. Nesma alikaa kitandani, miguu kaikunja, anaandika hesabu zake. Metwalli aliporudi alitazama ukuta, akaona alama ya maji imepanda kuliko ya mwaka jana. Akasema, "Na sisi tutainua."

17 Novemba
Twakausha. Harufu imeingia hata kwenye mkate.

21 Novemba
Darasani Abla Rawya ameandika neno moja ubaoni, *haki*, akataka mifano. Mmoja akasema haki ya jirani. Mwingine akasema haki ya mke kwa mumewe, tukacheka mpaka watu wa msikiti wa jirani wakatugongea ukuta. Abla akangoja tunyamaze. "Na kulala pasipo na kinyesi cha watu chini ya kitanda, hiyo ni nini?"

"Hiyo ni bahati," nikasema.

"Hapana, Inshirah. Hiyo ni haki. Wewe ni mtu kabla hujawa maskini."

Nikamwambia, "Abla, haki mtu humdai mtu. Mimi nimdai nani? Wingu?"

Alifungua mdomo, lakini kengele ya darasa la watoto ikalia, tukatawanyika. Neno lile nimerudi nalo nyumbani. Ni fupi, ni rahisi kuandika.

29 Novemba
Metwalli kaja na mabaki ya saruji ya kazini. Nimesinga nywele za Nesma.

4 Desemba
Leo imepiga tufani ya Qasim. Kizingiti chetu kipya kilikuwa kimeshakauka, Metwalli kakipiga plasta laini kama ya sebule ya tajiri. Nilisimama mlangoni nikayaona maji meusi yakija kutoka kwa Mama Shawqi. Yakagusa saruji yetu, yakasitasita kama mgeni aliyekosea nyumba, kisha yakageuka kwenda chini.

Naandika kweli, kwani nikiongopa hapa nitamwambia nani kweli? Nilifurahi. Nilitandika mkeka sakafuni kwa makusudi, nikakaa. Halafu nikasikia ndoo ya Bibi Adla kule chini. Ilikuwa sauti nyepesi, ya mkono usio na nguvu: inachota, inatulia, inachota. Nikafungua redio.

5 Desemba
Nilimpelekea Bibi Adla maharage na mikate. Sakafu yake ilikuwa bado yateleza. Nilijiandaa kutukanwa. Akapokea sahani, akaibusu kama desturi yake, akasema, "Nimekiona kizingiti chenu. Metwalli ana mkono, huyo. Hata kwenye villa za matajiri kule Roshdi hawapati kazi safi vile."

"Bibi, maji yalikuingia sana?"

"Yaliingia yakatoka. Mimi pia nitaingia nitatoka."

Angenitukana ningepumua.

11 Desemba
Nguo nyingi kwa dobi. Mgongo.

19 Desemba
Leo ni tufani ya Furiko Dogo. Halikuwa dogo. Ndani kwetu pakavu, lakini nje uchochoro mzima ni bwawa, na mtoto hawezi kuishi ndani kama kuku. Tumepanga matofali na mbao hadi lami ili watoto wapite kwenda shule. Nesma aliteleza mara mbili. Maji ya kunywa tunayachota bomba la msikitini kama siku zote, ila leo yana rangi. Nimeyachemsha mara mbili.

22 Desemba
Nesma ana homa.

23 Desemba
Homa haijashuka.

26 Desemba
Tuko hospitali ya homa. Ni homa ya matumbo. Wamemtundikia dripu, na mkono wake ni mwembamba hata plasta ya sindano inauzunguka mara mbili. Daktari ni kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Anakunywa maji gani?"

"Ya bomba la msikitini. Nayachemsha."

"Asikanyage maji machafu, mama."

"Apite wapi, daktari?"

Akaandika kitu. Nilitazama kalamu yake nikatamani aniulize tena, niseme mengine. Hakuuliza. Si kosa lake, walikuwa wamejaa hadi ukumbini, na wengi nilizijua sura zao. Ni watu wa machochoro kama yetu.

27 Desemba
Leo nimetembelewa na mtu ambaye sikumtarajia. Nilikuwa nimelaza kichwa kitandani kwa Nesma, nikasikia harufu ya mchuzi wa kuku. Kuinua uso ni Mama Shawqi, na chombo kakifunga kwa shali yake.

"Mpe supu tu, nyama usimpe bado," akasema. Akakaa bila kukaribishwa. Kisha akanyoosha kidole kwenye kitanda cha dirishani, alipolala mtoto mwingine. "Shawqi alilala pale."

Nilidhani aliugua utotoni akapona. Mimi niliolewa nikaletwa Sidra miaka kama tisa iliyopita, na siku zote nilijua Shawqi yuko Libya kama vijana wengine, maana mama yake humtaja kama mtu aliye hai: Shawqi hapendi bamia, Shawqi angebeba hili. Nikamuuliza alitibiwa muda gani.

"Wiki moja. Alikuwa na miaka tisa. Homa hii hii." Alisawazisha shuka la Nesma mahali ambapo halikuwa limekunjamana. "Tulipotoka makaburini nikamwambia mume wangu, inua kizingiti. Akakiinua. Mwaka uliofuata maji yakaingia tena, tukakiinua tena. Sasa mume hayupo, nakiinua mwenyewe. Najua maji yanakwenda kwako. Unadhani sijui? Kila nikimwaga ndoo ya kifusi najua."

Tukamlisha Nesma vijiko viwili vya supu kwa zamu, moja yeye, moja mimi.

2 Januari
Tufani ya mwaka mpya. Nesma yuko nyumbani, amekonda, anaomba mkate. Alhamdulillahi, alhamdulillahi.

7 Januari
Krismasi ya Wakopti. Bibi Adla kapita na biskuti, kavaa koti lake la zambarau. Kamwekea Nesma mkono kichwani, akasoma dua yake, nami nikaitikia amina.

12 Januari
Furiko Kuu. Naandika siku mbili baadaye, lakini naiweka tarehe yake.

Upepo ulitoka baharini, ziwa nalo likapanda kutoka nyuma, kwa hiyo maji yalikuja juu na chini kwa pamoja. Asubuhi hiyo Metwalli alikuwa kazini Agami. Mimi nilikuwa mlangoni nasukuma kwa ufagio, maana hata kizingiti chetu kilikuwa kinalambwa, na nikahisi kuna kitu kimepungua. Sikusikia ndoo ya Bibi Adla.

Nikamwambia Nesma asishuke kitandani. Nikaingia majini. Yalinifika magotini, kwenye nyumba za chini yakanifika mapajani, ya baridi na mazito, na ndani yake vitu ambavyo sitaviandika. Nilimwita Bibi Adla, nikaupiga mlango wake. Haukusukumika, maji yalikuwa yameubana. Kutoka ndani nikasikia, "Nani?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa heshima tu.

Nikapiga kelele. Aliyenisikia kwanza ni Mama Shawqi. Nilimwona anashuka kutoka kwenye mimbari yake na nguo zake zote, hakukunja hata pindo, mkononi mtaimbo, anapasua maji kama trekta. Njiani alikuwa akipaza sauti kwa kila nyumba: "Zimeni umeme! Zimeni umeme, enyi viziwi!" Mimi nisingekumbuka. Waya wa friji ya Bibi Adla ulikuwa unaelea.

Tulivunja dirisha. Bibi Adla alikuwa ameanguka kati ya kitanda na kabati, kichwa nje ya maji kwa sababu tu alikuwa ameshika mguu wa kitanda kwa mikono yote miwili. Nyonga ilikuwa imevunjika. Midomo ilikuwa buluu.

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu nilipotaka kuchota."

Wanaume wawili wa nyumba za chini wakang'oa mlango, tukamlaza juu yake, tukaubeba mabegani. Alikuwa mwepesi. Tulipokuwa tunapanda uchochoro mbao ikainama, akasema, "Polepole, wanangu, mimi si gunia la vitunguu." Mmoja wa wale wanaume akacheka huku analia.

Gari la wagonjwa halikuweza kuingia, tulimpeleka kwa bajaji. Hospitali wakamfunga nyonga, wakasema kitanda hakuna, arudishwe nyumbani apumzishwe mahali pakavu.

Mahali pakavu Uchochoro wa Sidra ni pawili: kwangu na kwa Mama Shawqi. Kabla sijafungua mdomo Mama Shawqi akasema, "Kwangu. Kwako kuna mtoto anayepona."

15 Januari
Bibi Adla anakohoa.

19 Januari
Sikukuu ya Ghitas, ya ubatizo. Kila mwaka siku hii Bibi Adla hupika magimbi na kugawa uchochoro mzima. Mwaka huu Mama Shawqi kapika, naye Bibi Adla kalala pale pembeni anatoa amri. "Usikaange kitunguu saumu mpaka kiungue! Nyinyi Waislamu mna haraka gani na magimbi?" Mama Shawqi akamjibu, "Nyamaza, mgeni. Mgeni hapiki." Tulikula sote kwenye sahani moja. Bibi Adla alionja tu.

Nilipokuwa namfuta mdomo nikamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, nisamehe. Kizingiti chetu."

Akaushika mkono wangu.

"Ningekuwa na saruji," akasema, "ningeinua na mimi."

21 Januari
Bibi Adla amefariki leo asubuhi. Mapafu.

22 Januari
Mazishi. Mpwa wake alikuja kutoka Damanhur, na kasisi. Ilikuwa desturi yao maiti atoke nyumbani kwake, na mpwa hakutaka kuivunja. Basi wanaume walishuka na jeneza hadi kwenye matete, kisha wakapanda nalo. Maji yalikuwa bado yamesimama. Walilinyanyua juu ya vichwa, mikono imenyooka, Wakopti na Waislamu, wamevaa suti na kanzu, na miguu yao yote imezama kwenye maji taka. Kasisi alikuwa kashika joho lake kwa mkono mmoja na msalaba kwa mkono mwingine. Metwalli alikuwa mbele upande wa kulia. Ilisikika miguu tu, chwa, chwa, chwa.

Nimeona maiti wengi wa maskini. Sikuwahi kuona aibu ambayo haikuwa ya maiti wala ya waliombeba, na mwenye kustahili kuiona hakuwepo pale.

23 Januari
Metwalli hakwenda kazini. Alikaa kwenye kizingiti chake, nyundo mapajani.

"Nitakivunja," akasema.

"Ukikivunja maji yataingia kwa Nesma."

"Nisipokivunja yataingia kwa wa chini."

"Ndiyo."

"Sasa?"

Nilikaa karibu naye. Nikamwambia nilichokuwa nakifikiri tangu makaburini. Mama Shawqi aliyakimbia mauti akayasukuma kwangu, mimi nikayasukuma kwa Bibi Adla, na Bibi Adla hakuwa na wa kumsukumia ila ziwa. Miaka yote tunatukanana, kila mtu anamdai jirani yake. Lakini si jirani aliyetunyima bomba la maji taka. Kuna watu kazi yao ni kuleta bomba, nao wanakaa ofisini pakavu wakati sisi tunapigana kwa ndoo.

Metwalli akageuza nyundo mikononi. "Umekuwa msomi," akasema. Hakuwa ananidhihaki.

28 Januari
Tufani ya Karam imepiga usiku, imepita. Nimepanda kwa Mama Shawqi. Nimemweleza nilichomwambia Metwalli. Amesikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha kauliza, "Magodoro ya nyumba za chini yako wapi?"

"Yamelowa. Watu wameyaanika ukutani lakini hayakauki."

"Vizuri," akasema. "Yasikauke."

30 Januari
Nitaandika yote ya leo, maana nataka Nesma aje ayasome.

Jua lilitoka. Wanawake wa Sidra tulijitwika magodoro mabichi vichwani, tukapanda hadi lami, tukatembea mpaka ofisi ya wilaya. Maji yalikuwa yanatuchuruzikia migongoni. Watu walitupisha njia nzima, wengine wakaziba pua. Tulipofika tukayatandaza kwenye ngazi za marumaru, moja baada ya jingine, tukakaa juu yake.

Akatoka karani mwenye miwani. "Hii nini? Hii nini? Ondoeni uchafu huu!"

"Tunaanika, bwana," Mama Shawqi akasema. "Kwetu hakuna jua."

"Yananuka!"

"Yananuka nini?"

"Si... yananuka choo!"

"Allahu Akbar. Mmesikia?" Mama Shawqi akatugeukia. "Miaka yote tunaleta malalamiko, wanajibu Sidra hakuna maji taka. Leo pua ya serikali imeshuhudia."

Wapita njia wakacheka, karani akaingia ndani. Akatoka mkubwa wake, mtu wa tai, mwenye adabu. Alituita mama zangu na dada zangu. Akatueleza kwamba uchochoro wetu haupo kwenye ramani ya mji, kwamba ulijengwa bila kibali juu ya ukingo wa ziwa uliofukiwa, na kwamba sheria haimruhusu kupeleka huduma mahali ambapo kisheria hapapo.

"Kwa nini mlijenga pale?"

"Tungejenga wapi, mwezini?" mmoja akasema.

Nilikuwa sijapanga kusema. "Bwana mkubwa, mita ya umeme ninayo mlangoni. Msomaji wa mita anakuja kila mwezi, hapotei njia. Mwanangu ana cheti cha kuzaliwa, kimeandikwa Sidra. Bibi Adla juzi kapewa cheti cha kufa, kimeandikwa Sidra. Tunazaliwa Sidra, tunakufa Sidra, tunalipa umeme Sidra. Ni choo tu ndicho hakijui Sidra iko wapi?"

Nilimwona anatazama magodoro. La kwanza miguuni pake lilikuwa la Bibi Adla, na alama ya mwili wake bado ipo katikati.

"Sisi hatukuja kuomba sadaka," nikamwambia. "Tumekuja kudai."

Akasema atatuma mhandisi. Tukamwambia tutangoja hapo hapo mpaka atuambie siku. Akaitaja.

31 Januari
Shingo haigeuki.

9 Februari
Siku aliyoitaja imepita. Mhandisi hajaja.

10 Februari
Tumerudi na magodoro mawili tu, ya kukumbusha.

18 Februari
Mhandisi amekuja, kijana mwenye buti safi. Alirudi kwenye gari na buti zilizofundishwa. Amepima, amepiga picha, amekunywa chai kwa Mama Shawqi. Jua Dogo imepiga jioni, tufani ya jina zuri.

25 Februari
Abla Rawya kauliza nani anaandika. Nimeinua mkono. Kaniuliza kama nimempata wa kumdai. Nikamwambia nimempata, ila anachelewa.

3 Machi
WAMEKUJA. Mashine ya kuchimba imeingia uchochoroni kwa kinyumenyume, imeng'oa waya wa nguo za watu, hakuna aliyelalamika.

7 Machi
Bomba limefika mlangoni kwetu. Jeusi, pana, Nesma anaweza kutambaa ndani. Wamejenga chemba moja kwa Mama Shawqi na moja mbele yangu. Kisha mashine ikazimwa. Mhandisi akafungua ramani yake. Mstari unaishia kwetu. Nyumba za chini ziko ndani ya mpaka wa ziwa, akasema, hizo zitangoja bajeti nyingine, inshallah mwaka kesho, au wahamishwe.

Naandika kweli tena. Jambo la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa: sisi tumo. Nilisimama juu ya mfuniko wa chemba yangu, na nikajua kwamba nikinyamaza tu, kwa kunyamaza peke yake, mwanangu atakuwa amepona milele.

Mama Shawqi hakunyamaza. Aliteremka mtaroni, palepale bomba lilipokatikia, akakaa juu ya udongo.

"Mama, tunataka kufukia," mhandisi akasema.

"Fukia."

"Utoke kwanza."

"Sitoki. Mkiunganisha juu tu, choo chetu sote kitapita kasi hadi hapa, na siku bomba likiziba kitawamwagikia wao. Nimeshafanya kazi hiyo kwa saruji miaka mingi. Sitaifanya tena kwa bomba la serikali. Ama wote, ama ng'oeni na changu."

"Lakini wewe umeshapata, mama!"

"Ndiyo maana nimekaa mimi."

Nimeteremka nikakaa naye. Miguu yangu ilikuwa mizito kuliko siku ile ya magodoro, maana siku ile sikuwa na cha kupoteza.

9 Machi
Tufani ya Husum. Bado tumo mtaroni, tunapokezana. Nyumba za chini wametufunikia karatasi ya nailoni na kuleta dengu za moto. Asubuhi kaja askari polisi, kijana, akasimama ukingoni.

"Mama, toka, usinitie matatani."

"Mwanangu, unakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Choo chako kinakwenda wapi?"

Akafikiri. "Sijui."

"Hiyo ndiyo raha, mwanangu," Mama Shawqi akasema. "Kutokujua."

Akakaa kwenye tofali akanywa chai yetu, na alipoondoka akasema ataandika kwamba hakukuta fujo.

11 Machi
Mvua. Mtaro. Nimepiga pasi kwa zamu ya jioni.

13 Machi
Wamekubali. Mabomba watatoa wao, fundi wa kuunganisha watatoa wao, lakini mashine haitashuka kule, udongo ni wa matope. Kuchimba tutachimba wenyewe. Metwalli akauliza lini tuanze. Mama Shawqi akalitazama jembe ambalo Metwalli alikuwa ameshalishika. "Wewe ulianza zamani," akasema.

14–19 Machi
Tunachimba. Sina mkono wa kuandika.

20 Machi
Bomba limefika kwenye matete. Chemba ya mwisho iko mbele ya nyumba ya Bibi Adla; nyumba imefungwa, mpwa wake hajasema ataifanya nini. Mkubwa wa tai amekuja na mpiga picha. Alitaka tusimame nyuma yake. Akahutubia vizuri, kisha akatungojea tushukuru. Mama Shawqi akasema, "Tunamshukuru fundi kwa kazi, na vijana kwa kuchimba. Wewe, bwana, Mungu akupe afya, lakini mtu hashukuriwi kwa kumrudishia mwenzake kilicho chake." Mpiga picha akapiga hivyo hivyo, midomo ya watu ikiwa wazi. Wakati mkubwa anaingia garini nilimuuliza kuhusu maji ya kunywa ya bomba. Akasema, "Moja baada ya jingine, dada." Nikamwambia tutakuja.

24 Machi
Awwa, tufani ya mwisho wa msimu. Ilianza asubuhi na ngurumo. Sote tulitoka na ndoo na mifagio tukasimama milangoni, kama askari. Mvua ikamwagika. Maji yakateremka uchochoroni, yakafika kwenye chemba, yakaingia. Tukangoja yatoke. Hayakutoka. Tulibaki tumesimama, uchochoro mzima, ndoo tupu mkononi, tunatazamana kama watu waliokosea siku ya harusi. Mmoja wa nyumba za chini akauliza, "Sasa tufanye nini?" na kicheko kilianza chini kikapanda hadi lami.

Mama Shawqi peke yake hakucheka. Alishuka na ufagio wake hadi mwisho wa uchochoro, mvua inampiga, akafagia mbele ya mlango wa Bibi Adla. Hapakuwa na kitu cha kufagia. Akafagia, kisha akapanda taratibu akaingia kwake.

Nilifunga mlango. Nesma alikuwa sakafuni na madaftari yake, Metwalli anakoroma. Tangu niolewe sijawahi kulala mvua ikinyesha, siku zote kulikuwa na kazi. Nikavua viatu, nikajinyoosha juu ya mkeka kando ya mtoto, nikaisikiliza ikipiga bati. Sikuisikia ikikoma.